Mto Semliki na Hesabu ya Maji ya Naili

Sisi tunaoishi Hewa Bora, na Lubumbashi kwa jumla, tumezoea kuyahesabu maji yetu kuwa ya mto Kongo: mto Lubumbashi huingia Kafubu, Kafubu huingia Luapula, na safari huishia Atlantiki. Kwa sababu hiyo ni rahisi kusahau kwamba nchi yetu ni nchi ya Naili pia. Huko kaskazini-mashariki, mto Semliki hutoka Ziwa Edward, hupita chini ya milima ya Rwenzori na kumwaga maji yake katika Ziwa Albert. Kutoka hapo maji hayo huelekea Sudani na Misri. Makala haya yanachunguza jinsi maji hayo yalivyohesabiwa katika mapatano ya mataifa.

Tarehe 9 Mei 1906, mjini London, Uingereza na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II zilitia sahihi mapatano ambayo kifungu chake cha tatu kiliifunga Kongo isijenge, wala isiruhusu kujengwa, kazi yoyote juu ya Semliki au Isango ambayo ingepunguza maji yaingiayo Ziwa Albert, ila kwa kukubaliana na Serikali ya Sudani. Msomaji na aliangalie neno “kupunguza”. Kupunguza kutoka kiasi gani? Kifungu hakikutaja kipimo chochote. Wenyeji wa bonde hilo, wavuvi na wafugaji, hawakuulizwa. Ahadi ilitolewa na mfalme ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo.

Ili kusema kwamba maji yamepungua, sharti kwanza kujua mtiririko wa asili, yaani maji ambayo yangepita kama binadamu asingeyagusa. Kiasi hicho hakipimwi mtoni; hukadiriwa. Mhandisi huchukua maji yaliyopimwa kituoni, akayarudishia yale yaliyotolewa juu ya mto kwa kilimo, akaongeza yaliyogeuka mvuke katika mabwawa, kisha akarekebisha kwa maji yaliyoongezeka au kupungua katika hifadhi. Kwa Naili ilibidi kurudishia maji ya bwawa la Sennar, lililokamilika mwaka 1925 kwa ajili ya pamba ya Gezira, na mvuke wa bwawa la Jebel Aulia lililokamilika mwaka 1937. Kila hatua ina makisio yake, na makisio huchaguliwa na mtu.

Hata miaka ya kupigia wastani huchaguliwa. Mapatano ya Misri na Sudani ya tarehe 8 Novemba 1959 yaliweka mtiririko wa asili wa Aswan kuwa meta za ujazo bilioni 84 kwa mwaka, wastani wa karne ya 20 hadi wakati huo. Lakini wastani wa miongo mitatu ya mwisho ya karne ya 19 ulizidi bilioni 100. Hesabu yenyewe ilikwenda hivi: katika 84, ziliondolewa 48 za Misri na 4 za Sudani zilizotambuliwa tangu mwaka 1929, kisha 10 za upotevu katika hifadhi mpya ya Aswan. Zikabaki 22, Sudani ikapewa 14.5 na Misri 7.5. Kwa hiyo jumla ikawa 55.5 kwa Misri na 18.5 kwa Sudani, na hapo mto ukawa umekwisha kugawanywa. Nchi za juu hazikuachiwa hata tone, ingawa sehemu kubwa sana ya maji ya Aswan, takriban asilimia 85, hutoka nyanda za juu za Ethiopia. Kongo ilikuwa bado koloni la Ubelgiji.

Lugha ya upotevu inastahili kutazamwa kwa makini. Katika mabwawa ya asili ya Sudd, kusini mwa Sudani ya wakati huo, karibu nusu ya maji yanayopita Mongalla hayatoki upande wa pili. Huenea juu ya majani na kugeuka mvuke. Tangu ripoti ya William Garstin ya mwaka 1904, wahandisi waliita jambo hilo hasara, na mapatano ya 1959 yakataka izuiwe kwa kazi ambazo gharama na faida zake zingegawanywa nusu kwa nusu kati ya Khartoum na Kairo. Sasa, katika Kiswahili hasara haikai bila mwenyewe: asemaye “nimepata hasara” anadai kwamba kitu kilikuwa chake. Kwa Wadinka na Wanuer, maji yale yale ndiyo yanayootesha malisho ya kiangazi. Yakifika Aswan, hapo ndipo wao wamepoteza. Mfereji wa Jonglei ulianza kuchimbwa mwaka 1978, ukakusudiwa uwe wa kilomita 360. Kazi ilisimama mwanzoni mwa vita, baada ya mashambulizi ya SPLA, zikiwa zimechimbwa kilomita zipatazo 260. Naona si haki kusema, kama wasemavyo baadhi ya waandishi, kwamba vita viliharibu mradi mzuri tu. Mradi wenyewe ulikuwa miongoni mwa manung'uniko ya watu wa kusini.

Asili nayo haitulii. Kati ya miaka 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya meta mbili kwa sababu ya mvua, na maji yaliyotoka Jinja yakawa karibu mara mbili ya kiasi cha miaka iliyotangulia. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, lilikuwa limefungwa na kanuni kwamba maji yaachiwe kadiri ambavyo yangetoka lenyewe lisingekuwapo. Sisi wa Katanga tuna mfano wa karibu zaidi: Cameron aliyaona maji ya Lukuga mwaka 1874, Stanley mwaka 1876 akaukuta mdomo wake umezibwa na majani na matope, na kabla ya mwaka 1880 Ziwa Tanganyika lilikuwa limeuvunja mziba huo na kumwagika kuelekea Lualaba. Mtiririko wa asili wa Lukuga ni wa mwaka gani kati ya hiyo?

Nyerere aliliona tatizo hili kwa upande wa sheria. Mwaka 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudani kwamba haifungwi na mapatano ya 1929. Kuhusu Semliki, hata hivyo, hoja yenye nguvu zaidi imo katika hesabu yenyewe. Mapatano ya 1959 yanasema kwamba nchi nyingine ikidai maji na dai likakubaliwa, kiasi hicho kitapunguzwa sawasawa katika mafungu ya Misri na Sudani, kikihesabiwa Aswan. Lakini maji ya Semliki sharti yapite Ziwa Albert, kisha Sudd, ambako karibu nusu huachwa njiani, kisha jangwa. Kwa hiyo meta moja ya ujazo ikitwaliwa Beni kwa mashamba, Aswan haipungukiwi na meta moja, bali na chini ya nusu yake. Upotevu uliotumiwa kudai mfereji wa Jonglei ndio huo huo unaolipunguza deni la Kongo. Mapatano mapya ya bonde la Naili, yaliyoanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024 bila Misri wala Sudani, yanazungumzia matumizi ya haki baina ya nchi zote za bonde, lakini hayakuweka tarakimu ya kuchukua nafasi ya ile 84.