Tiba ya kisaikolojia: unapolipia kikao, unalipia nini?

Malalamiko baada ya kikao cha kwanza hufanana. "Nimekaa naye karibu saa nzima, kazi yake kuniuliza maswali, ushauri wenyewe hajanipa. Na hela kachukua." Anayesema hivyo ana haki ya kulalamika. Kibao cha mlangoni kimeandikwa "Ushauri Nasaha", naye alikwenda kuchukua nasaha. Kwa maoni yangu kosa ni la kibao.

Ushauri nasaha ulizoeleka masikioni mwetu miaka ya kampeni za UKIMWI. Kabla ya kupimwa damu ulikaa na mshauri, akakueleza jinsi virusi vinavyoambukizwa, akakuandaa kwa majibu, na baada ya majibu mkakaa tena. Kazi ile ilistahili jina lile: kulikuwa na maelezo ya kupewa na uamuzi wa kufanya. Baadaye jina likavutwa mpaka likafunika kila kitu, kuanzia ugomvi wa ndoa na msiba hadi kiwewe cha aliyenusurika ajali na sonona ya mama aliyejifungua. Vyuoni na shuleni likaongezwa "unasihi", ambalo shina lake ni nasaha ileile. Ndiyo maana mteja anangoja kuambiwa la kufanya, kama angefanya mbele ya shangazi au mshenga.

Neno lililokuwa likitafutiwa Kiswahili, psychotherapy, lina asili ya Kigiriki, na limeundwa kwa psyche, yaani nafsi au roho, na therapeia, yaani huduma au tiba. Kwa kulifuata neno kwa neno tungesema "tibanafsi", na wapo wanaolipenda. Mimi silikubali. Nafsi kwetu ina wenyewe: masheikh na mapadri wanaishughulikia tangu zamani, na atakayesikia tiba ya nafsi atadhani anaitwa kwenye kisomo au maombezi. "Tiba ya akili" ni mbaya zaidi, kwa sababu akilini mwa watu inaelekea moja kwa moja hospitali ya Mirembe au ya Mathari, majina ambayo mitaani yamegeuzwa matusi. Bado kuna "tiba ya mazungumzo", jina zuri lenye historia yake. Katika kitabu cha Josef Breuer na Sigmund Freud cha mwaka 1895, mgonjwa aliyefichwa kwa jina la Anna O. ndiye aliyeipa tiba yake jina la namna hiyo. Daktari hakulibuni. Upungufu wake ni kwamba mazungumzo ni pia ya barazani, na tena tiba hii haiishii kwenye kuongea. Basi nabaki na "tiba ya kisaikolojia", lisilo na mvuto mkubwa lakini lenye neno tiba ndani yake. Lisichanganywe na "saikolojia tiba", ambalo ni jina la taaluma. Na mwanasaikolojia tiba asichanganywe na daktari bingwa wa magonjwa ya akili, ambaye ndiye mwandikaji wa dawa.

Tiba yenyewe inafanywaje? Tuseme mgonjwa ni mwalimu wa shule ya msingi asiyelala kwa wasiwasi. Jumatatu mkuu wa shule kampita bila salamu, na papo hapo mwalimu akawaza: ananichukia, nitahamishwa. Katika tiba ya utambuzi na tabia, ambayo Aaron Beck aliianza Marekani miaka ya 1960, tabibu hamwambii "usijali, mwalimu". Anampa daftari. Safu moja anaandika tukio, ya pili wazo lililomjia, ya tatu ushahidi wa kulithibitisha na wa kulipinga. Wiki inayofuata wanalisoma pamoja, kisha wanapanga jaribio: mwalimu amtangulie mkuu kwa salamu, aone kitakachotokea. Haya hufanywa wiki baada ya wiki, na nusu ya kazi iko nyumbani. Hicho ndicho kinacholipiwa, na tabibu angekuwa mwepesi wa nasaha angemharibia mwalimu mazoezi yake.

Wenzetu wa Zimbabwe walilishika suala la majina mapema. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kufundisha bibi wa mitaa ya Harare kutoa tiba fupi wakiwa kwenye benchi nje ya zahanati. Benchi lilipoitwa la afya ya akili, watu walilikwepa, na bibi hao ndio walioshauri libadilishwe jina. Likawa Chigaro Chekupanamazano. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: kupana ni kupeana, na mazano ni mawazo au mipango. Hata ugonjwa wanauita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, sawa na sisi tunaposema fulani "ana mawazo". Utafiti wao uliochapishwa 2016, uliohusisha watu 573 katika zahanati 24, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango ulikuwa wa vikao sita. Mabenchi hayo yamefika pia Zanzibar.

Nautaja mfano huu pia kwa sababu ya bei. Wengi wanaamini tiba hii ni ya miaka mingi na ya wenye nazo tu. Kuna ya miaka, ni kweli, lakini kwa sonona na wasiwasi wa kawaida mipango mingi ina vikao kati ya vitano na ishirini. Kwa hiyo bei ya kikao kimoja haitoshi kuijua, uliza pia idadi. Mwenye bima aulize kama inalipia vikao au dawa peke yake, na vingapi kwa mwaka. Mwanafunzi aanze na ofisi ya unasihi ya chuo chake kabla hajatoa shilingi. Wanaofundishwa kazi hii chini ya msimamizi nao mara nyingi hutoza kidogo, na si lazima wawe wabovu.

Kuhusu kuchagua, cheti kwanza. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inayotaka wasajiliwe, hivyo kuomba namba ya usajili si utovu wa adabu. Baada ya cheti, sikiliza moyo wako. Tafiti za miongo mingi zinakubaliana kuwa kuelewana kwa mgonjwa na tabibu kunaendana na kupona, iwe ni tiba ya aina gani. Ila anayekuahidi kupona kwa uhakika, anayekusimulia siri za wateja wengine au anayekutaka kimapenzi, muache siku hiyohiyo.

Na manufaa yapimwe. Lipo dodoso la maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, usingizi, hamu ya kula, kukata tamaa, lenye alama kuanzia 0 hadi 27, na limetafsiriwa kwa Kiswahili. Jaza mwanzoni, jaza tena baada ya vikao vinne au vitano. Alama zisiposhuka, mwambie tabibu wako wazi mbadili njia, au akuelekeze kwa mwingine.

Kwa hiyo ukipiga simu kliniki, usiulize kama wana mshauri. Uliza kama wanatoa tiba ya kisaikolojia, ya aina gani, vikao vingapi, na kwa kiasi gani.