Maana ya Ziada katika Nchi ya Mkonge

Katika Kiswahili, ziada ni neno la heri: mwenye ziada hakopi. Lakini katika mashamba ya mkonge ya Korogwe neno hilo lilipata sura nyingine, kwani huko mtu mwenyewe aliweza kuhesabiwa kuwa ziada.

Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa Kijerumani. Katika miche elfu moja iliyotoka Florida, 62 tu ilifika hai. Mashamba makubwa yakaenea kando ya reli, nayo ilifika Korogwe mwaka 1902. Njia za misafara zilizokatiza nchi ya Wazigua zikaanza kupoa, na mpagazi, aliyebeba biashara ya nchi kichwani, akawa hahitajiki tena. Huyo alipunguzwa kazini kabla ya wengine wote, ingawa hapana aliyempa barua.

Kazi ya kukata mkonge haikuwavutia sana wenyeji. Mzigua wa Handeni mwenye mahindi ya ziada ghalani aliweza kuukataa mkataba. Ziada yake ilikuwa uhuru wake. Kwa hiyo watu walitafutwa mbali: Waha, Wangoni, Wabena, Wamakonde. Walipewa namba, na kipande cha kujaza siku 30 za kazi, wakaitwa manamba. Aliyeandikwa kwa namba ni rahisi kumfuta katika hesabu. Katika miaka ya 1960 nyuzi za viwandani ziliingia sokoni na bei ya mkonge ikaporomoka. Mishahara ya chini nayo ilikuwa imepandishwa kwa sheria. Wafanyakazi wengi wakaachishwa. Serikali ilitwaa mashamba mengi mwaka 1967, lakini bei haikusikia amri.

Ajabu ni kwamba ndani ya kiwanda kilekile ziada ilikuwa mlinzi. Mashine ya kuparua majani, iitwayo korona, hunguruma kutwa. Mnyapara akisema, "Mizigo hii miwili mizito ipelekwe," habari ya wingi imetajwa katika kila neno. Ngurumo ikimeza neno moja, yaliyobaki hulifidia. Mwaka 1948 Claude Shannon wa Marekani alikadiria kwamba karibu nusu ya Kiingereza kinachoandikwa huamuliwa na muundo wa lugha yenyewe, wala si chaguo la mwandishi. Mwenye kubana matumizi angeiita nusu hiyo hasara. Ndivyo angeiita pia korona ya pili isimamayo bure, mpaka siku ile ya kwanza iharibike na majani yaliyokwisha kukatwa yaanze kunyauka.

Jani la mkonge lenyewe hutoa nyuzi kiasi cha asilimia 4 tu. Yaliyobaki yalimwagwa, yakichafua mito. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mashamba ya Ngombezi, Magunga, Mwelya, Magoma na Hale yalianza kugawiwa wakulima wadogo. Na baada ya miaka michache ukajengwa hapo Hale mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme. Tangu miche ya Hindorf ilikuwa imepita zaidi ya miaka mia moja.