Mfupa wakubali chuma, ngozi bado yasita

Mguu wa bandia wa kawaida huvalishwa kwenye kigutu, nacho huchubuka mara kwa mara. Njia nyingine ni kuufunga kwenye fimbo ya titani iliyopandikizwa ndani ya mfupa.

Msingi wake uliwekwa mwaka 1952, pale mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alipobaini katika majaribio ya sungura kwamba mfupa hushikamana na titani. Mwaka 1990 mgonjwa wa kwanza aliyekatwa paja alipandikiziwa fimbo hiyo nchini humo.

Kikwazo ni ngozi. Isiposhikamana na fimbo pale inapotokeza nje, huacha upenyo wa vijidudu.

Kikundi cha Profesa Gordon Blunn wa chuo kikuu cha UCL, London, kilitafuta jibu kwa kulungu, ambaye pembe zake za mfupa hupenya ngozi bila kumletea maambukizi. Mwaka 2006 watafiti hao walieleza kuwa mfupa ulio chini ya ngozi hiyo una vitundu vingi, ambamo nyuzi za ngozi hujishikiza. Wakaunda pandikizi la mfano huo.

Mwaka 2009 daktari wa wanyama Noel Fitzpatrick alimpandikizia Oscar, paka wa kisiwa cha Jersey aliyekatwa nyayo za nyuma na mashine ya kuvunia. Akatembea tena.

Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha kikamilifu mfumo wa Sweden. Hata hivyo, maambukizi hayajakoma. Yakifika mfupani, pandikizi huenda likalazimika kung'olewa.