Hazina ya Tippu Tip: Pembe za Ndovu katika Majarida ya Hadithi ya Marekani, 1912–1919

Mwaka 1896 mchapishaji Frank Munsey wa New York aliligeuza jarida lake la Argosy kuwa la hadithi tupu, akalichapa kwenye karatasi duni ya mbao zilizosagwa na kuliuza kwa senti 10. Karatasi hiyo, iliyogeuka hudhurungi na kumeguka baada ya miaka michache, ndiyo iliyoyapa majarida ya aina hii jina lake huko Marekani. Makala haya yanashughulika na sehemu ndogo tu ya historia hiyo, yaani jinsi waandishi wawili, Edgar Rice Burroughs na Talbot Mundy, walivyoitumia nchi iliyo baina ya Kongo na pwani ya Zanzibar. Tumechagua kufuata bidhaa moja, pembe za ndovu, kwa kuwa ndiyo inayowaunganisha waandishi hao na mtu aliyeandika habari zake mwenyewe kwa Kiswahili.

Oktoba 1912 jarida la The All-Story lilichapa Tarzan of the Apes yote katika toleo moja. Burroughs alilipwa dola 700. Hakuwahi kukanyaga Afrika, na katika maandishi ya jarida alimweka chui milia wa Asia katika msitu wa Afrika. Wasomaji walilalamika, na kitabu kilipotoka mwaka 1914 mnyama huyo alikuwa amegeuzwa simba jike. Kosa hilo husimuliwa mara kwa mara kwa kicheko. Linalostahili kuangaliwa zaidi ni kwamba watu wa chifu Mbonga katika hadithi hiyo ni wakimbizi: wametoroka Dola Huru ya Kongo kwa sababu ya ukatili wa maofisa wa Leopold II waliotaka mpira na pembe. Burroughs, basi, alijua yaliyokuwa yakitendeka Kongo, na alimlaumu Leopold waziwazi. Hata hivyo wakimbizi hao hao ndio wanaofanywa mawindo ya shujaa wake, na msomaji anaalikwa kushangilia.

Mwaka uliofuata, mhariri wa The All-Story alipoikataa hadithi ya pili, The Return of Tarzan, ilichapwa katika New Story Magazine. Humo tunakutana na kabila liitwalo Waziri, linaloongozwa na chifu aitwaye Waziri. Cheo cha serikali kimekuwa jina la kabila zima. Neno la Kiswahili lilisafiri hadi Chicago bila maana yake. Waziri wana pembe nyingi, na wanavamiwa na Waarabu pamoja na Wamanyema. Tarzan anawaongoza kuwashinda wavamizi, kisha anafanywa chifu. Mgogoro halisi wa biashara ya pembe unaingia hadithini, lakini mwenye kuumaliza ni Mwingereza wa kubuni.

Mtu angetarajia mambo tofauti kwa Talbot Mundy. Huyu alizaliwa London mwaka 1879 kwa jina la William Lancaster Gribbon, akaishi Afrika Mashariki ya Kiingereza katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, na kuhamia New York mwaka 1909. Aliandikia Adventure, jarida ambalo mhariri wake, Arthur Sullivant Hoffman, alijivunia usahihi. Lilikuwa na kurasa za barua ambamo wasomaji waliosafiri waliwasahihisha waandishi. Mwaka 1919 lilichapa On the Trail of Tippoo Tib, iliyotoka pia kama kitabu kiitwacho The Ivory Trail. Wasafiri wa hadithi hiyo wanatoka Zanzibar, wanapita Mombasa na Nairobi, wanafika Mwanza ya Wajerumani, na mwisho Mlima Elgon, wakitafuta shehena ya pembe ambayo Tippu Tip anadaiwa kuificha. Miji ni ya kweli. Hazina ndiyo ya kubuni, na kwa maoni yetu ubuni huu una uzito kuliko chui milia wa Burroughs, kwa kuwa unajificha nyuma ya usahihi wa ramani. Barua za wasomaji zingeweza kurekebisha mnyama au bunduki. Hazikuwa na njia ya kumuuliza mwenye pembe.

Naye alikuwa amekwisha kusema. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwaka 1902–1903. Katika maandishi hayo hakuna pango. Kuna frasila, bei, safari, na mkopo wa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar aliyemgharimia. Pembe zilikuwa deni kabla hazijawa mali. Mfanyabiashara aliyeanza safari kwa bidhaa za kukopa hakuwa na sababu ya kuzika mtaji wa mwingine mlimani.

Hatusemi kwamba simulizi hilo ni safi. Mwandishi alikuwa pia mfanyabiashara ya watumwa, na mwaka 1887 alikubali kuwa wali wa Leopold katika Stanley Falls. Anaposimulia ushindi wake juu ya mtawala wa Itahua, anazihesabu pembe na shaba alizotwaa kwa utulivu wa karani. Kwa hiyo hadithi ya hazina iliyofichwa inafuta mambo mawili kwa pamoja: mkopo wa Zanzibar, na vita vilivyozitoa pembe mikononi mwa wenyewe. Zikishakuwa pangoni hazina mwenyewe, na yeyote atakayezikuta ni halali yake. Wazo hilo lilichapwa mwaka ule ule ambao mataifa yaliyoshinda vita yalikuwa Paris yakigawana makoloni ya Ujerumani.

Kwa wanaoshauri wizara kuhusu matini za historia, tofauti hii ina matokeo ya kivitendo. The Ivory Trail inasomwa bure intanetini popote duniani. Maisha ya Hamed bin Muhammed yalichapwa tena Afrika Mashariki, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley, mwaka 1966. Mwanafunzi wa Kasongo au Bujumbura anapaswa kuyapata katika lugha yaliyoandikwa, yakiwa na maelezo yasiyomfanya mwandishi wake shujaa. Tena hata hapo wapagazi wanabaki kimya. Wanatajwa wanapotoroka, wanapougua, au mizigo inapopungua.