Kutoka Kufua hadi Kuchomelea: Historia ya Maua ya Chuma katika Masasi na Newala

1. Utangulizi

Katika miji ya Masasi na Newala, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, nyumba ya matofali haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka madirisha yawekwe grili na uwanja uwekwe geti. Juu ya grili na mageti hayo huonekana mapambo ambayo mafundi na wateja huyaita maua. Mengi kati ya hayo si maua kwa umbo. Ni vipande vya chuma vilivyokunjwa mfano wa gamba la konokono, kimoja kikielekea kulia na kingine kushoto, au viwili vikiunganishwa migongo. Umbo hili limezoeleka kiasi kwamba halizuii jicho la mpita njia, na pengine ndiyo sababu historia yake haijapewa uzito katika maandishi kuhusu kusini-mashariki mwa Tanzania, ambako sanaa inayotajwa daima ni uchongaji wa mpingo.

Insha hii inachunguza jinsi mapambo hayo yalivyopata nafasi katika eneo linaloanzia Masasi, bondeni kwenye majabali, hadi Newala, ukingoni mwa Uwanda wa Juu wa Makonde unaotazama bonde la Ruvuma. Hoja kuu ni kwamba mkunjo wa chuma uliingia katika eneo hili kama umbo la kigeni, lakini haukuingia mahali patupu. Uliwakuta watu waliokwisha kuujua moto, nyundo na fuawe. Hoja ya pili ni kwamba badiliko kubwa zaidi katika historia hii halikuwa ujio wa umbo lenyewe, bali kuhama kwa kazi kutoka kufua hadi kuchomelea. Badiliko hilo limegusa zaidi ya urembo wa madirisha.

2. Uhunzi kabla ya Karakana

Wakazi wa eneo hili ni Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, na mipaka baina yao haikuwa kuta. Kuhusu Wayao, ushahidi wa maandishi juu ya uhunzi ni wa thamani ya pekee kwa kuwa uliandikwa na Myao mwenyewe. Yohanna Abdallah, kasisi wa misheni ya UMCA, katika kitabu chake cha historia ya Wayao kilichochapishwa mwaka 1919, anawataja Wachisi, ukoo wa wahunzi waliosafiri huku na huko wakiuza majembe. Kwa mujibu wa maelezo yake, safari za wahunzi hao ni miongoni mwa chanzo cha biashara iliyowafikisha Wayao pwani. Kwa maneno mengine, kabla ya pembe za ndovu na watumwa kutawala njia za misafara, bidhaa iliyofungua njia ilikuwa chuma kilichofuliwa.

Uhunzi huo ulihitaji mambo manne: makaa ya mti mgumu, mvukuto wa ngozi wa kupuliza hewa, jiwe au kipande kizito cha chuma kilichotumika kama fuawe, na mkono uliofundishwa kusoma rangi ya moto. Mazao yake yalikuwa jembe, shoka, mundu, mkuki, kisu na tezo. Urembo haukukosekana, lakini haukukaa katika chuma cha kupinda. Wamakonde waliweka michoro yao katika mwili wa binadamu, kwa chale za pembe na mistari iliyovunjika, na pia katika mbao na vyungu. Katika michoro ya chale inayojulikana zaidi, mstari ulionyooka na pembe ndivyo vilivyotawala. Kwa sababu hiyo si sahihi kudai kwamba mkunjo wa konokono kwenye grili umetoka moja kwa moja katika chale za Kimakonde, ingawa dai la namna hiyo huvutia.

Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyepita Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta mwaka 1906, alikusanya vifaa vya maisha ya kila siku na kuvipeleka katika makumbusho ya Leipzig. Alifika wakati mabaya. Vita vya Majimaji vilikuwa vimepita hivi karibuni, na chuma cha viwandani cha Ulaya kilikuwa kikipatikana madukani kwa namna ya majembe, waya na vipande. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki bidhaa hizo zilidhoofisha uyeyushaji wa mawe ya chuma. Hata hivyo, hazikuua ufuaji. Mhunzi aliacha tanuri la kuyeyushia, akabaki na nyundo, na malighafi yake ikawa chuma kilichotengenezwa na wengine.

3. Misheni, Boma na Duka

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar, na kijiji chao kikaanzishwa Masasi. Mwaka 1882 kijiji hicho kilishambuliwa na Wangoni waliojulikana kama Magwangwara, na Chauncy Maples akahamishia kitovu cha kazi Newala kwa muda. Mwaka 1905 Majimaji iliangamiza majengo ya misheni ya Masasi, pamoja na kituo cha Wabenedikto cha Lukuledi. Baada ya hapo Wabenedikto walianzisha kituo kipya cha Ndanda mwaka 1906.

Matukio haya yana maana kwa historia ya chuma. Nyumba za miti na nyasi ziliungua upesi, na ujenzi uliofuata ulielekea kwenye jiwe, tofali na bati. Jengo la namna hiyo linahitaji bawaba, komeo, misumari, vishikio na nondo za madirisha. Wabenedikto walikuwa na desturi ya kutumia mabruda mafundi, na Ndanda ikawa na karakana ambamo useremala na uhunzi vilifundishwa kwa vijana wa Kiafrika. Uanglikana nao ulijenga makanisa na shule katika eneo hili, hata Dayosisi ya Masasi ikaundwa mwaka 1926 chini ya Askofu Vincent Lucas.

Ni kupitia njia kama hizi ndipo mkunjo wa Ulaya ulipojulikana bara. Katika Ulaya umbo hilo lilikuwa la kale: lilipamba milango ya makanisa, vizuizi vya altare, ngazi na mageti. Njia ya pili ilikuwa pwani. Lindi na Mikindani zilikuwa na nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu zilizokuwa na madirisha ya nondo, na maduka ya Wahindi yalipopanda hadi Masasi na Newala, desturi ya kuziba dirisha kwa chuma ilipanda nayo. Njia ya tatu ilikuwa boma la serikali. Katika njia zote tatu chuma cha dirishani kilisema jambo moja: ndani kuna mali, na mali hiyo ina mwenyewe. Ua lililowekwa juu ya nondo lilipunguza ukali wa kauli hiyo bila kuifuta.

4. Chuma Kama Hati

Mtafiti wa historia hii hukabiliwa na uchache wa maandishi. Mafundi hawakuweka kumbukumbu za kazi zao. Hata hivyo, chuma chenyewe ni hati, mradi msomaji ajue namna ya kukisoma, na kukisoma kunahitaji kuelewa jinsi mkunjo unavyofuliwa.

Fundi huanza na ncha ya upapi au nondo ya pembe nne. Huitia katika makaa mpaka ipite wekundu na kufikia rangi ya chungwa, yaani joto la nyuzi zipatazo 900 hadi 1,000 za Selsiasi. Huitoa kwa koleo na kuigonga juu ya fuawe, akiigeuza kila baada ya mapigo machache, mpaka ncha iwe nyembamba kama mkia wa panya au pana kama mkia wa samaki. Kisha huitia tena motoni, huisogeza ncha nje kidogo ya ukingo wa fuawe na kuigonga iiname. Huigeuza juu chini na kuirudisha ndani kwa mapigo mepesi, mpaka jicho la mkunjo lijifunge. Sehemu iliyobaki huzungushwa kwenye kalibu, ambayo ni chuma kilichokwisha kupindwa kwa umbo linalotakiwa. Sharti ni kwamba mkunjo ufunguke hatua kwa hatua. Kukiwa na mahali palipolala au palipovunjika, jicho hulitambua kosa hata kama mtazamaji hawezi kulitaja. Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi huwafaa wahunzi kuliko wavuvi, kwa maana chuma humpa fundi muda mfupi tu kabla ya kurudi katika ukaidi wake.

Mikunjo iliyokamilika iliunganishwa kwa ribiti, au kwa pete ya chuma iliyovikwa ikiwa ya moto. Pete hiyo ilipopoa ilisinyaa na kukaza vipande pamoja.

Kutokana na hayo, alama tatu humwezesha mtafiti kutenganisha kazi za vipindi mbalimbali. Ya kwanza ni ncha: iliyofuliwa huwa nyembamba, ilhali iliyokunjwa baridi hubaki na unene ule ule mpaka mwisho, na aghalabu huonyesha mkato mnyoofu wa msumeno au grenda. Ya pili ni jicho: chuma cha moto hujifunga kwa udogo, bali nondo baridi huacha tundu pana katikati. Ya tatu ni kiungo: pete na ribiti hushuhudia karakana ya moto, na donge la kuchomelea hushuhudia umeme. Alama hizi hazitoi mwaka kamili, kwani karakana moja yaweza kuchanganya njia zote. Zinatoa mfuatano wa mbinu, na mfuatano huo ndio kiini cha historia hii.

5. Umeme, Korosho na Geti

Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kiliongezeka kusini. Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza ulifanya Nachingwea, kaskazini mwa Masasi, kuwa mojawapo ya vituo vyake vitatu. Mpango huo ulivunjika mwaka 1951, lakini uliacha bandari ya Mtwara na reli iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Malori yaliyozidi kupita barabarani yalileta malighafi ambayo wahunzi wa Tanzania wameithamini kuliko nyingine: springi za magari. Chuma cha springi hukubali kukazwa kwa moto na maji, hivyo kilifaa kwa panga, mundu na patasi.

Baada ya uhuru, serikali ililiunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, mwaka 1973, na baadaye Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, mwaka 1994. Mafunzo ya chuma yaliyoenea zaidi katika mfumo huu mpya yalikuwa ya kuchomelea. Jambo hilo lilikuwa na mantiki. Mashine ya kuchomelea haihitaji mtu wa kuvuta mvukuto wala gunia la makaa. Inahitaji umeme, na umeme ulikuja. Gesi asilia ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ilianza kutumika kuzalisha umeme Mtwara katika muongo wa kwanza wa karne hii, na usambazaji wa umeme vijijini ukafuata.

Upande wa mahitaji ulibebwa na korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mkoani Mtwara mwaka 2007, pamoja na minada inayopitia vyama vikuu kama MAMCU na TANECU, uliyafanya malipo yafike kwa mikupuo baada ya msimu. Fedha ya mkupuo hujenga. Mwaka wa bei nzuri huonekana katika matofali na mabati, na nyumba inapofikia madirisha, fundi wa grili huitwa. Mwaka wa bei mbaya au malipo yaliyochelewa, kama ilivyokuwa baada ya mvutano wa bei wa mwaka 2018, madirisha huzibwa kwa mbao au matofali yakisubiri. Kwa hiyo maua ya chuma yanaweza kusomwa pia kama daftari la uchumi wa mkulima.

6. Kilichopungua

Mafundi wa kuchomelea si wahunzi walioshindwa. Wana ujuzi wao wa vipimo, wa mpangilio na wa kasi, nao wameufanya urembo uliokuwa wa misheni na boma upatikane kwa mwenye shamba la mikorosho. Hilo ni jambo la kuheshimiwa. Lakini kila badiliko lina gharama, na gharama ya badiliko hili haionekani dirishani.

Kufua mkunjo humfundisha kijana mambo matatu kwa pamoja: kusoma rangi ya chuma, kukivuta bila kukipasua, na kulinganisha mapigo. Ni ujuzi huo huo unaotumika kutengeneza patasi na tezo. Patasi ya mchongaji wa mpingo lazima izimwe majini ikiwa nyekundu, kisha ipashwe tena taratibu mpaka rangi ya majani makavu itokee juu yake. Ikikosa hatua ya kwanza hupinda, ikikosa ya pili hukatika. Kazi ya mapambo ilikuwa na uwezo wa kumlipa mhunzi na kumzoeza mwanafunzi wake katika miezi ambayo majembe na mapanga hayaagizwi. Inapohamia kwenye mashine, au inaponunuliwa ikiwa imekwisha kutengenezwa kiwandani ng'ambo, nguzo moja ya kipato cha mhunzi huondoka, na jiko lake huwashwa kwa nadra zaidi. Sanaa ya kuchonga inayosifiwa duniani kwa jina la Wamakonde inategemea jiko hilo.

Kuna upotevu mwingine. Grili kuukuu zinazong'olewa nyumba inapokarabatiwa huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ncha iliyofuliwa kwa mkono haina bei tofauti na ncha ya msumeno. Kila mzani unaposhuka, ukurasa mmoja wa hati iliyoelezwa hapo juu huyeyushwa.

7. Hitimisho

Historia ya maua ya chuma Masasi na Newala si simulizi ya wageni waliofundisha watu wasiojua kitu, wala si simulizi ya urithi wa asili uliobaki bila kuguswa. Wachisi walifungua njia kwa majembe. Misheni, maduka na boma vilileta umbo jipya. Umeme na korosho vikalieneza na kubadili namna linavyotengenezwa. Katika mfuatano huo umbo limebaki karibu vile vile, na kilichohama ni maarifa yaliyomo ndani yake. Kwa sababu hiyo, hifadhi ya urithi huu haiwezi kuishia katika kupiga picha za mageti. Inahitaji kuorodheshwa kwa grili kuukuu kabla hazijafika kwenye mizani, na inahitaji somo la kufua lirudishwe kando ya somo la kuchomelea katika vyuo vya ufundi vya kusini, ili mchongaji wa Newala asije akakosa mtu wa kumfulia patasi.