Watoto wa Kanyenye na Njia ya Misafara



Ndugu wapendwa, shule nyingi za Ulaya huwapeleka watoto kwenye magofu ya Warumi wa kale, wakaone mabafu, viwanja vya michezo na barabara za mawe. Ni somo jema. Lakini mjini Roma umehifadhiwa pia mkufu wa chuma uliofungwa shingoni mwa mtumwa. Kibati chake kinamwahidi sarafu ya dhahabu yeyote atakayemkamata mtoro huyo na kumrudisha kwa bwana wake, Zoninus. Mtoto asiyeambiwa habari za mkufu huo hajaijua Roma.

Watoto wetu wa Kanyenye hawana haja ya kuvuka bahari. Jirani yetu ipo Kwihara, na tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872, ambalo sasa ni makumbusho. Walimu wanaowapeleka huko wanafanya vema; tunawasihi tu wasiishie kwa Livingstone na Stanley. Wawaeleze pia habari za waliotembea. Njia iliyotoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo ilipitiwa na wapagazi wengi wa Kinyamwezi, watu huru waliobeba mizigo kwa ujira. Ilipitiwa vilevile na mateka, wengi wakiwa wametoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kuwachanganya wawili hawa ni kuwadhulumu wote.

Katika dola hiyo ya Kirumi, Mtume Paulo alimwandikia Filemoni ampokee Onesimo kama ndugu mpendwa, si tena kama mtumwa. Hata hivyo, Wakristo waliendelea kumiliki watumwa kwa karne nyingi. Mwaka 1888 Papa Leo XIII aliulaani utumwa katika barua yake kwa maaskofu wa Brazili. Naye Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni Afrika Magharibi na kukombolewa na wamisionari, alisomea uganga Malta, akawahudumia watu wa Karema kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956.

Wazazi wapendwa, neno "mtumwa" bado huweza kutumika kama tusi juu ya ukoo wa mtu. Watoto wakirudi kutoka Kwihara, waulizeni wameona nini, kisha waambieni kwamba aibu ya mnyororo ni ya aliyefunga, si ya aliyefungwa.