Nyota Inayopita Kabla ya Gemu Kuanza

Kabla gemu haijaanza, kuna jina. Mtu yeyote aliyekulia karibu na kibanda cha gemu, iwe Makutano pale Meru au Majimbo mjini Embu, anajua vile hizo sekunde huwa ndefu. Umeshalipa, pedi iko mkononi, wenzako wanakuhesabia dakika, halafu skrini inaanza kukuonyesha nembo ya kampuni ambayo hujaiulizia. Wengi walikuwa wanabonyeza X mfululizo ili ipite. Lakini nembo hizo zina historia, na historia ya mojawapo, ile ya Game Freak ya Japani, inatuhusu sisi wa huku mlimani kuliko tunavyodhani.

Nembo inayocheza mwanzoni mwa gemu ina wazee wawili. Wa kwanza ni kufuli.

Nintendo ilipotoa Game Boy tarehe 21 Aprili 1989, iliweka ndani ya mashine programu ndogo ya kuwashia, yenye baiti 256 tu. Ukiwasha, neno Nintendo linashuka polepole kutoka juu, kisha unasikia mlio. Ilionekana kama salamu, kumbe ni ukaguzi. Mashine ilikuwa inasoma ile nembo kutoka kwa kaseti na kuilinganisha na nakala yake yenyewe. Zikitofautiana hata kidogo, mashine inagoma na gemu haianzi. Ujanja ulikuwa hapa: aliyetaka kutengeneza kaseti bila ruhusa alilazimika kunakili nembo ya Nintendo, na mtu anayenakili nembo anaweza kushtakiwa. Sega nayo ilijaribu mtego wa namna hiyo, lakini mwaka wa 1992 mahakama ya rufaa Marekani iliamua kesi hiyo kwa kuipendelea kampuni ya Accolade.

PlayStation nayo ilikuwa na mlango wake. Skrini nyeupe ya mwanzo, yenye jina la Sony Computer Entertainment, ilitoka kwa mashine yenyewe. Ile nyeusi iliyofuata ilikuja tu baada ya diski kukubaliwa. Ndiyo maana kwa kibanda watu walinyamaza kati ya nyeupe na nyeusi. Diski zilikuwa za kuchomwa, zimekwaruzwa, zimepanguswa na shati mara mia. Nyeusi ikitokea, watu wanapumua.

Mzee wa pili wa nembo ni sahihi, yaani alama ya fundi kwenye kazi yake. Hapa ndipo Game Freak inapoingia.

Game Freak haikuanza kama kampuni ya gemu. Ilianza mwaka wa 1983 kama jarida. Satoshi Tajiri, kijana aliyekulia Machida, nje kidogo ya Tokyo, alikuwa anaandika kwa mkono mbinu za kushinda gemu za kumbi za michezo, anatoa nakala, anazibana kwa stepla na kuziuza. Ken Sugimori alilisoma jarida hilo akavutiwa, akajiunga naye kama mchoraji. Baadaye waliona kwamba badala ya kulalamika kuhusu gemu za wengine, afadhali watengeneze zao. Gemu yao ya kwanza, Quinty, ilitoka mwaka wa 1989 kupitia Namco. Kampuni yenyewe iliandikishwa tarehe 26 Aprili mwaka huo huo, siku 5 tu baada ya Game Boy kuingia sokoni.

Hebu fikiria nafasi ya karakana kama hiyo. Mashine si yako, na aliyepeleka gemu sokoni ni Namco. Mahali pa pekee ambapo hakuna anayeweza kukufunika ni ndani ya gemu yenyewe, zile sekunde chache kabla mchezaji hajashika usukani. Kampuni kubwa yenye mashine iliweka nembo yake mlangoni ili kuzuia watu. Fundi mdogo aliweka yake ndani ili ajulikane.

Pokémon Red na Green zilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996, baada ya kazi ya takriban miaka 6. Ukiwasha, kwanza unaona maandishi ya hakimiliki. Kisha nyota inapita kutoka juu ikishuka kwa mshazari, jina GAME FREAK linamulika, na vinyota vidogo vinadondoka chini yake. Basi. Skrini ya Game Boy ilikuwa na nukta 160 kwa 144 na vivuli vinne tu, kwa hivyo hapakuwa na nafasi ya madoido. Lakini ile nyota ilitosha. Katika Crystal, iliyotoka Japani mwaka wa 2000, Ditto, yule kiumbe wa Pokémon anayeweza kujigeuza kuwa chochote, anaingia akirukaruka na kujigeuza kuwa nembo ya kampuni. Katika FireRed na LeafGreen za 2004, nyota ilirudi, safari hii ikiwa na rangi na vimulimuli nyuma yake. Nembo ilibadilika kila mashine ilipobadilika, lakini haikukosa kuwepo.

Sasa turudi nyumbani. Mimi sikuwahi kushika kaseti ya Game Boy, na katika watu niliokua nao Meru simjui aliyewahi. Pokémon ilitufikia kama faili. Ilipita kwa flash ya binamu wa mtu, ikakaa kwa kompyuta ya saiba, halafu simu za Android zilipokuwa za bei ya mnyonge, ikaingia simuni pamoja na emuleta, ile programu inayoigiza mashine ya zamani. Mvua ikinyesha na stima ipotee, kibanda cha gemu kinafungwa, lakini simu yenye chaji inaendelea.

Na hapa kuna jambo ambalo naona waandishi wa historia za gemu hawalisemi sana. Emuleta nyingi za Game Boy Advance zinaruka programu ya kuwashia ya mashine. Ile nembo ya Nintendo yenye herufi za rangi, ile iliyokuwa kufuli, huioni. Lakini sahihi ya fundi iko ndani ya faili la gemu lenyewe, kwa hivyo inasafiri nalo kokote. Kufuli lilivunjwa njiani na sahihi ikafika salama. Mtoto wa Nkubu au Runyenjes ambaye hajui Kyoto iko wapi aliona ile nyota ikipita, mara mia, na jina likamkaa kichwani.

Huku kwetu tunazo sahihi za namna hiyo, ila nyingi ni za mtu wa katikati. DJ Afro akisimulia filamu ya ng'ambo kwa Kiswahili, sauti yake ndiyo utakayoikumbuka, hata kama jina la mwongozaji umelisahau. Miksi ya dijei haiendi dakika mbili kabla hujasikia jina lake likitajwa juu ya wimbo wa mtu mwingine. Hatuwacheki kwa hilo. Tunaelewa kwamba mali ikishaingia mtaani haina mwenyewe, isipokuwa aliyeacha alama ambayo huwezi kuikata bila kuharibu kazi.

Nina sababu yangu ya kulifikiria hili sana. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana, na tangu hapo naishi kwa kuandika. Kazi nyingi ni za kulipwa kwa neno: maelezo ya bidhaa, makala za tovuti za watu ambao sitawahi kuwaona. Nikishatuma, jina langu haliko popote. Game Freak walipata jina kwangu bila senti yangu hata moja. Mimi napata senti bila jina. Si ati nasema wizi wa gemu ni haki, hapana. Kila aliyelipwa kwa zile saa zetu, mwenye saiba, mwenye kibanda, muuza bando, alilipwa, isipokuwa fundi. Lakini nimejifunza kwamba malipo na jina ni deni mbili tofauti, na mtu anaweza kulipwa moja akadhulumiwa nyingine.

Kenya nayo ina mafundi wa gemu. Mwaka wa 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, kati ya gemu za kwanza za 3D kutengenezwa Kenya, ikimhusu mwanamke anayetafuta vitu vya kale vya Kiafrika. Baadaye yeye na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha Leti Arts. Hata hivyo, ukiuliza kwa kibanda chochote hapa, watu watakutajia Konami kabla ya hao. Sababu mojawapo ni rahisi: Konami waliiona kila siku kabla ya mpira kuanza, miaka nenda miaka rudi. Jina linajengwa kwa kurudiwa.

Kuna jamaa Embu anayejifunza kutengeneza gemu kwa laptopu ya mtumba. Gemu yenyewe bado, ana ramani moja na gari lisilopinda kona vizuri. Lakini nembo inayocheza anayo tayari: mstari mmoja unapanda, unachora vilele vya Mlima Kenya, kisha jina linatokea chini. Marafiki wanamcheka, ati ameweka geti kabla ya kujenga nyumba. Nilimwambia asiifute. Jina la Game Freak lilikaa kwenye karatasi zilizobanwa kwa stepla miaka 6 kabla ya gemu yao ya kwanza kutoka.